Majina yetu yako angani, sisi wenyewe tuko wapi?

Leo naomba mnivumilie. Najua wengi mlitegemea niendelee na habari za mjini: foleni, kodi za vyumba, kero za mwendokasi. Hizo zipo na zitakuwepo. Leo nataka tuzungumzie kitu cha mbali kidogo, tena kwa kweli cha mbali kuliko karibu vyote: kwasa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msije mkasema nimewazungusha. Sisi watu wa Afrika Mashariki tumekuwa hodari wa kuipa sayansi ya anga ardhi na majina yetu, lakini tumekuwa wazito wa kuipa akili zetu. Hali hiyo inaweza kubadilika, na safari hii kisingizio cha fedha hakitoshi.

Kwanza, kwasa ni nini? Katikati ya galaksi nyingi, ikiwemo hii tunayoishi, kuna shimo jeusi kubwa. Lenyewe halionekani, maana hata mwanga ukiingia hautoki. Lakini gesi inapolizunguka na kutumbukia ndani, inasuguana, inapata joto kali mno na kung'aa. Mng'ao huo unaweza kuzidi nyota zote za galaksi nzima zikijumlishwa pamoja. Hiyo ndiyo kwasa. Mwaka 1963 Maarten Schmidt, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi California, aligundua kwamba kitu kilichoonekana kama kinyota cha kawaida, kinachoitwa 3C 273, kiko mbali kiasi kwamba mwanga wake unasafiri zaidi ya miaka bilioni 2 mpaka kutufikia.

Hapo ndipo utamu ulipo. Mwanga ukichukua miaka bilioni 2 kufika, unachokiona ni kitu kilivyokuwa wakati ule, kabla hata ya mjusi wala mchicha kuwepo duniani. Kwa hiyo mtu anayetafuta kwasa za mbali zaidi na hafifu zaidi hashindani na mwenzake nani kaona mbali. Anasoma historia. Anafungua kurasa za mwanzo kabisa za ulimwengu.

Kurasa hizo zinasema hivi. Ulimwengu una umri wa takriban miaka bilioni 13.8. Mwanzoni ulikuwa moto kupita kiasi. Ulipofikisha miaka 380,000 hivi ulikuwa umepoa vya kutosha kwa atomu kuumbika, nyingi zikiwa za hidrojeni. Kisha likafuata giza refu kabla ya nyota za kwanza kuwaka. Hidrojeni ile ilikuwa imetanda kila mahali kama ukungu wa asubuhi kule Lushoto. Halafu, kabla ulimwengu haujavuka sana miaka bilioni 1, ukungu ukaondoka. Mwanga mkali ulizivunja zile atomu, kukawa peupe mpaka leo. Swali ambalo wanafalaki wanaumiza nalo kichwa ni hili: nani aliwasha taa zilizoondoa ukungu?

Hebu fikiri Kariakoo usiku, umeme umekatika. Pale Msimbazi kuna maduka makubwa machache yenye jenereta, yanawaka kama mchana. Chini yake wamejaa machinga, kila mmoja na kitaa chake cha betri. Ukiulizwa nani anaiangaza Kariakoo, ukahesabu jenereta peke yake, utakuwa umekosa hesabu. Lazima uwahesabu na machinga. Shida ni kwamba jenereta unaiona ukiwa Mnazi Mmoja, lakini kitaa cha machinga mpaka usogee.

Ndivyo ilivyo kule. Kwasa ang'avu ndizo jenereta: zinaonekana kirahisi lakini ni chache. Kwasa hafifu, pamoja na galaksi changa zilizojaa nyota za moto, ndio machinga. Wataalamu wengi wanaona kazi kubwa ilifanywa na zile galaksi changa. Lakini mchango wa kwasa hafifu bado unabishaniwa, hasa tangu darubini ya James Webb ilipoanza kazi mwaka 2022 na kuonyesha vidoa vidogo vyekundu vingi kuliko ilivyotarajiwa. Baadhi ya vidoa hivyo vinaelekea kuficha mashimo meusi yanayokua. Huwezi kufunga mjadala bila kuhesabu walio hafifu. Ndiyo maana watu wanatumia miaka kuwatafuta.

Na kuwatafuta ni kazi kwelikweli. Ulimwengu unatanuka, na mwanga unaosafiri ndani yake unavutika pamoja nao. Rangi yake inasogea kuelekea wekundu, halafu inaupita wekundu wenyewe mpaka kwenye infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni. Juu ya hapo, ule ukungu wa hidrojeni uliumeza upande mmoja wa mwanga wa kwasa. Matokeo yake ni ya ajabu: kwasa ya mbali sana inaonekana kwenye picha ya infraredi, lakini ukichukua picha ya kawaida ya sehemu ileile, haipo. Basi kompyuta zinapitishwa kwenye picha zenye mamilioni kwa mamilioni ya vitu, zikitafuta vile vinavyoonekana huku na kutoweka kule.

Ukishavipata, bado. Feki ni nyingi. Kuna vinyota vidogo vilivyopoa, viko jirani tu na sisi, wanaviita vibete vya kahawia. Kwenye picha vinafanana na kwasa kama pacha. Watu wa Gerezani mtanielewa vizuri hapa. Kipuri orijino na kipuri feki vinaweza kuja na boksi moja, nembo moja, mpaka harufu moja. Mteja mgeni anaondoka na feki anacheka. Fundi anakipima uzito mkononi, anakikwangua, anakwambia hiki rudisha. Wanafalaki nao wana namna yao ya kukwangua: wanaelekeza darubini kubwa, wanautandaza mwanga wa kitu kile katika rangi zake zote, wanatazama kama ile alama ya kukatwa na hidrojeni ipo. Ikikosekana, rudisha.

Kwa njia hiyo, Januari 2021 ilitangazwa kwasa inayoitwa J0313-1806. Tunaiona jinsi ilivyokuwa ulimwengu ukiwa na umri wa miaka milioni 670 tu. Shimo lake jeusi lina uzito wa majua bilioni 1.6. Sasa hapo ndipo watu walipochanganyikiwa. Chukulia kijana ameshuka stendi Jumatatu na beseni la karanga, halafu Ijumaa unakuta ana ghorofa mtaa wa Kongo. Utauliza nini? Utauliza mtaji kautoa wapi! Shimo jeusi linaloanza kutokana na nyota iliyokufa lina mtaji wa majua mia hivi. Kwa kula kawaida, muda ule hautoshi kulifikisha kwenye bilioni. Ama lilikula kwa kasi isiyo ya kawaida, ama lilianza na mtaji mnono, wingu zima la gesi likiporomoka kwa mpigo na kuwa shimo jeusi la maelfu ya majua tangu siku ya kwanza.

Novemba 2023 ulipatikana ushahidi unaoupa nguvu upande wa mtaji mnono. Kuna galaksi inaitwa UHZ1, ambayo tunaiona ilivyokuwa takriban miaka milioni 470 baada ya mwanzo wa ulimwengu. Darubini ya James Webb iliiona galaksi yenyewe, na darubini ya eksirei inayoitwa Chandra, iliyorushwa mwaka 1999, ikanasa eksirei hafifu mno zinazotoka kwenye gesi inayoliwa na shimo jeusi. Kwasa hafifu, ya mbali, changa. Ilionekana kwa sababu mbele yake kuna kundi kubwa la galaksi, Abell 2744, ambalo uzito wake umeupinda mwanga na kuukuza kama lenzi. Na shimo lile linaelekea kuwa na uzito unaokaribia ule wa nyota zote za galaksi yake. Mtu mwenye mtaji mdogo hafiki hapo kwa muda ule.

Sasa kuna msomaji anajiuliza: mwandishi wa Gerezani na UHZ1 wapi na wapi?

Jibu liko pwani ya Kenya. Pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walisimamisha baharini majukwaa ya chuma ya kurushia roketi, na wakarusha kutoka hapo kati ya mwaka 1967 na 1988. Walipapenda kwa sababu pako karibu na mstari wa ikweta, ambako mzunguko wa dunia unaisaidia roketi kupata kasi. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani yenye uzito wa takriban kilo 140. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani, ambazo huwezi kuzipokea ukiwa ardhini kwa kuwa hewa inazizuia. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru. Marjorie Townsend, mama aliyeongoza mradi huo NASA, akaipa setilaiti jina la Kiswahili: Uhuru.

Uhuru ilifanya kazi mpaka mwaka 1973. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Ndani yake kuna Cygnus X-1, ambayo baadaye ilikuja kukubalika kuwa shimo jeusi. Na ndani yake imo ile 3C 273, kwasa ya Schmidt. Mkuu wa kisayansi wa mradi ule, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Giacconi huyohuyo ni miongoni mwa walioanza kuisukuma hoja ya kujenga darubini ambayo baadaye ilikuja kuwa Chandra. Yaani, ukiufuata uzi kutoka UHZ1 kurudi nyuma, unapita Chandra, unapita Uhuru, unatua Ngomeni, kwenye maji yaleyale wanakovua Waswahili wenzetu.

Waulizeni vijana kumi hapo mtaani nani anaijua habari hii. Mimi nimewauliza wengi, wakiwemo waandishi wenzangu. Jina la mshambuliaji wa akiba wa Simba wanalijua. Setilaiti yenye jina la Kiswahili iliyobadilisha sayansi ya ulimwengu, hawana habari nayo.

Na mtindo huo haukuishia 1970. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulizipa nchi nafasi ya kutaja majina ya nyota na sayari za mbali. Tanzania tulipewa nyota WASP-71 na sayari yake. Nyota tukaiita Mpingo, sayari tukaiita Tanzanite. Majina mazuri, nayapenda. Lakini hebu tujiulize kwa uaminifu: Uhuru, Mpingo, Tanzanite... kazi yetu ni ubatizo tu?

Linganisheni na Chile. Ile nayo ni nchi ya kusini, nayo ilikuwa na kitu ambacho wakubwa walikihitaji: milima mirefu, kikavu, yenye anga safi. Waliwakaribisha wenye darubini. Ila walidai wanafalaki wa Chile wapate asilimia 10 ya muda wa kutazama kwenye darubini zinazojengwa kule. Leo Chile ina kizazi kizima cha wanafalaki wake, na darubini mpya ya Vera Rubin, ambayo ilionyesha picha zake za kwanza Juni 2025, iko kwenye mlima wao. Mwenye kiwanja alikaa mezani, hakubaki getini kufungua na kufunga.

Na sisi Watanzania tusijifiche nyuma ya Kenya. Afrika Kusini ilipokuwa inagombea kujengewa mtandao mkubwa wa darubini za redio uitwao SKA, iliungana na nchi nane za Afrika: Botswana, Ghana, Kenya, Madagascar, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Someni tena orodha hiyo taratibu. Kenya tunapakana nayo. Msumbiji tunapakana nayo. Zambia tunapakana nayo, tena tuna reli nayo. Sisi hatukuwemo. Mwaka 2012 Afrika Kusini na Australia zikashinda, na Desemba 2022 ujenzi ukaanza rasmi. Moja ya kazi kubwa za mtandao huo ni kuisikiliza hidrojeni ileile ya mwanzo, ule ukungu, na kuona jinsi nyota na kwasa za kwanza zilivyoutoboa matundu. Mafunzo ya vijana kama yale ya mradi wa DARA, ulioanzishwa kwa fedha za Uingereza, yalilenga nchi zile nane. Kijana wa Lusaka na wa Maputo akafunguliwa mlango. Wa Dar akabaki kusoma habari.

Najua pingamizi, maana nimelisikia kwenye kijiwe cha kahawa mara nyingi kiasi kwamba naweza kuliimba. "Mwandishi, watoto wanakaa chini madarasani, zahanati hazina dawa, wewe unatuletea mambo ya nyota. Yanaleta ugali?" Swali la haki, wala simcheki anayeuliza.

Kwanza, sisi hatujawahi kuwa watu wasiojali anga. Wazee wetu wa pwani walikitazama Kilimia ili wajue mvua na kilimo. Mabaharia walifuata nyota kutoka Kilwa mpaka Oman. Kila mwaka ikikaribia Ramadhani nusu ya Gerezani iko juu ya mapaa na barazani ikibishana kama mwezi umeandama au haujaandama. Huo ubishi ni falaki! Aliyetuambia kwamba anga ni la Wazungu alitudanganya, na sisi tukaitikia.

Pili, hoja ya ugali ingekuwa na nguvu kama ningekuwa nawaomba serikali wanunue darubini ya mabilioni. Siombi hivyo. Picha na vipimo vya mradi wa Sloan, ambao ulianza kazi mwaka 2000 na umegundua kwasa laki kadhaa, viko wazi kwa mtu yeyote duniani. Vya Chandra na James Webb vingi vinafunguliwa kwa wote baada ya muda usiozidi mwaka mmoja. Mwaka 2007 Hanny van Arkel, mwalimu wa shule kule Uholanzi, asiye mwanafalaki, alikuwa anapitia picha za galaksi kwenye mtandao akaona wingu la ajabu ambalo hakuna aliyekuwa amelitilia maanani. Wataalamu walipolichunguza wakasema ni gesi iliyoangazwa na kwasa ambayo yenyewe imeshafifia. Mwalimu, kompyuta na jicho lisilopuuza. Mtaji huo kweli unatushinda?

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, anayejua kuchambua mamilioni ya picha akatenga orijino na feki hafi njaa. Kazi ni ileile kwenye picha za hospitali, kwenye picha za mashamba zinazopigwa na setilaiti, kwenye kukamata miamala ya wizi wa simu. Mimi nilisoma sekondari ambako maabara ilikuwa stoo ya madawati mabovu. Darasani tulikuwa na vijana wenye vichwa vya hatari, waliokuwa wakikokotoa hesabu bila kalamu. Wawili watatu ninaokutana nao hapa mjini wanauza kava za simu. Kuuza kava ni kazi halali na siidharau. Lakini usiniambie nchi haikupoteza kitu.

Sasa tufanye nini? Nina mambo matatu tu. La kwanza, wakubwa wetu waombe nafasi kwenye ushirikiano wa darubini za redio wa Afrika. Tuna vyuo vikuu vyenye idara za fizikia, na tuna watu kama Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria ambaye kwa miaka mingi amewaelimisha Watanzania kuhusu anga. Mwaka 2016, jua lilipopatwa tarehe 1 Septemba, watu walisafiri mpaka Rujewa, Mbeya, kuliona. Hamu ipo, jamani. Haikupewa pa kwenda tu.

La pili, waalimu wa fizikia wafundishwe kutumia data hizi za bure. Kompyuta moja yenye bando kwa shule moja ya kata inaweza kuanza kazi. Mwanafunzi akipewa picha halisi za anga aambiwe tafuta kinachotoweka, atasahau kwamba anasoma.

La tatu ni letu sisi waandishi. Tuandike mambo haya kwa Kiswahili cha kawaida. Lugha iliyotoa jina la setilaiti ya kwanza ya eksirei haiwezi kushindwa kueleza kwasa. Tukiendelea kuacha elimu hii ndani ya Kiingereza peke yake, tunamfungia nje fundi wa Gerezani, ambaye nimewaonyesha hapo juu kwamba kazi ya kutenga feki anaijua kuliko wengi wetu.

Kwasa hafifu za mwanzo ziko nyingi ambazo hakuna binadamu aliyeziona bado. Zitapatikana, tena nyingi ndani ya miaka hii kumi ijayo. Ombi langu ni moja: siku ikitangazwa nyingine, kwenye orodha ya waliofanya kazi awemo kijana wa kwetu. Jina la kuipa tutalitafuta baadaye, kwa majina hatujambo.

Nawasilisha. Wenye hoja mbadala karibuni, tubishane kwa amani.